SAT Yangu Ni 1070, Niitume au Niifiche?

Mwezi huu sanduku la barua limejaa kitu kimoja tu, SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Nadhani kwa sababu ndo msimu wenyewe, watoto wa grade ya kumi na mbili kule Marekani wanajaza fomu usiku kucha na wale waliomaliza form four Kenya nao wako onlaini wanahangaika, bas leo safu yote nawapa nyie. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ina mambo mengi, nyingine nitapita haraka.

Swali

Dada, habari ya kazi. Mi niko na miaka 17, niko grade ya 12 hapa Lewiston, Maine. Tulifika Marekani 2021 tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mama ni mtu wa Fizi, Kongo. Kiingereza nimeanzia hapa. Mwezi wa tatu tulifanya SAT shuleni nikapata 1070, hesabu 640 na kusoma 430. GPA yangu, yaani wastani wa alama za darasani, ni 3.9. Nataka chuo cha Bates ama Bowdoin. Bates iko hapa hapa mjini, nimepita nje yake mara nyingi lakini sijawahi kuingia ndani. Rafiki yangu anasema na hiyo alama nisijisumbue, mwalimu mmoja akasema SAT kwao ni hiari, lakini si wakiona sijatuma watajua tu kama nilifanya vibaya? Niitume ama niifiche? Esei nimeanza hivi: tangu nikiwa mdogo nimekuwa na moyo wa kusaidia watu. Nyumbani sina muda sana, mama anafanya zamu ya usiku kiwandani na mi ndo niko na wadogo zangu watatu, afu majirani wananiita niwatafsirie hospitali. Nisaidie.

Binti wa Lewiston

Jibu

Mdogo wangu, kwanza tuiangalie hiyo namba bila kuiogopa. SAT inaanzia 400 inaishia 1600, na wastani wa nchi nzima miaka hii ni elfu moja na ishirini na kitu, kwa hiyo wewe uliyeanza kujifunza Kiingereza ukiwa na miaka 13 umewapita watoto wengi waliozaliwa wakikisikia jikoni kwa mama zao. Huyo rafiki yako mwambie hivo. Afu tenganisha zile sehemu mbili: 640 ya hesabu ni alama nzuri, kilichokuangusha ni kusoma, maswali 54 ndani ya dakika 64, yaani kila swali una dakika moja na sekunde kama kumi hivi, unasoma kipande, unaelewa, unachagua, unakimbia kingine. Pale panapimwa akili yako, lakini panapimwa pia umekaa na lugha ya watu miaka mingapi.

Sasa nitume nisitume. Hapa watu wanapenda kujibu kwa moyo, mi nakwambia jibu kwa karatasi. Kila chuo kinatoa takwimu zake kila mwaka za alama za wanafunzi walioingia, utakuta namba mbili: robo ya waliotuma wako chini ya ile ya kwanza, robo wako juu ya ile ya pili, nusu nzima wako katikati. Kwa Bowdoin na Bates ukiziangalia utaona 1070 iko chini ya ile ya kwanza, tena chini sana. Basi hapo usitume. Lakini kwa University of Maine au University of Southern Maine, ambako pia ni hiari, 1070 yenye hesabu 640 haina aibu yoyote, ukitaka itume. Alama ni ile ile, ila inabadilika sura kutegemea mlango unaogonga. Na ukumbuke zile namba za vyuo vikubwa zimevimba kidogo, kwa sababu wenye alama ndogo hawakutuma kabisa, waliobaki kwenye hesabu ni wale waliojiamini.

Unauliza je hawatajua? Sitakudanganya, nilikaa miaka kadhaa nikisoma mafaili ya waombaji kwenye chuo kimoja huko huko kaskazini mashariki, na msomaji wa faili ni binadamu, akiona pengo atabahatisha kwamba labda alama haikuwa nzuri. Ila kubahatisha sio namba. Pengo halina 430 iliyoandikwa ndani yake. Na vyuo hivi viwili ulivyovichagua sio wageni kwenye mambo haya, Bowdoin waliacha kulazimisha hizi alama tangu 1969, Bates 1984, yaani muda mrefu kabla ya korona kuwafanya wengine waige. Bates wenyewe walikuja kupima baada ya miaka 20 hivi wakalinganisha waliotuma na wasiotuma, wakakuta kwenye GPA ya chuo wametofautiana 0.05 na kwenye kumaliza masomo asilimia 0.1. Kwa hiyo mtu anayefungua faili lako pale ameshazoea kusoma mtoto bila SAT, hapapasi gizani.

Lakini usije ukachukua hii ukaifanya sheria ya kila mahali. MIT walirudisha SAT 2022, afu 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, japo Yale wanakubali pia AP au IB, mitihani mingine ya sekondari, badala yake. Vyuo vya University of California wao hata ukiwatumia hawaitumii kukuchagua. Kwa hiyo kabla hujaandika jina la chuo kwenye orodha yako nenda kwenye ukurasa wake wa udahili usome mwaka huu wanasemaje, usitegemee alichoambiwa kaka wa mtu miaka mitatu iliyopita.

Kitu kingine ambacho pengine hakuna aliyekwambia: hiyo SAT ya mwezi wa tatu mliyofanyia shuleni, ulipewa muda wa ziada? Mwanafunzi ambaye bado yuko kwenye huduma za wanaojifunza Kiingereza anaweza kupewa nusu ya muda juu ya muda wa kawaida, na kamusi ya neno kwa neno, lakini ni kwenye SAT ya siku ya shule tu, ile ya Jumamosi haina. Kama hukupewa na ulikuwa na haki, nenda kwa kaunsela wako umuulize kama shule yenu ina ya Oktoba. Rudia mara moja, bas. Fanyia mazoezi ile apu ya Bluebook manake ndo ile ile utakayofanyia mtihani, mitihani ya majaribio ni bure, na ujue kwamba sehemu ya kwanza ya kila somo ndo inaamua sehemu ya pili iwe ngumu au rahisi, na ukiingizwa kwenye ile rahisi alama zako haziwezi kupanda juu sana, kwa hiyo usiichezee ile ya kwanza kwa haraka. Ukijibu kwa kubahatisha hawakukati, usiache swali wazi hata moja. Ukipata 1200, furahi, ila Bowdoin bado usitume.

Tuje kwenye kilichonifanya niishike barua yako muda mrefu. Hiyo sentensi ya esei, tangu nikiwa mdogo nimekuwa na moyo wa kusaidia watu, ifute. Sio mbaya, ila nimeisoma mara nyingi mno, imeandikwa na watoto wa madaktari, wa mawakili, wa wachungaji, haina uso. Wewe mwenyewe mwishoni mwa barua umeandika kitu kizuri kuliko hiyo na wala hukujua, pale uliposema majirani wanakuita ukawatafsirie hospitali. Kaa ukumbuke siku moja tu. Nani alikuita, ilikuwa saa ngapi, daktari alisema neno gani ukakosa Kiswahili chake, ukakosa na Kibembe chake, ukafanya nini, ukazunguka vipi mpaka yule mama akaelewa. Mtoto wa umri wako anayemweleza mtu mzima habari za mwili wake anabeba kitu ambacho hakuna SAT inayokipima. Andika hapo. Maneno 650 ndo mwisho, na hayatoshi, utaona.

Afu kuna ile orodha ya shughuli kwenye Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, nafasi kumi, kila moja herufi 150 za maelezo. Watoto wetu wanaiacha tupu wakidhani wanatakiwa waseme klabu ya roboti au kucheza violini. Kuna kipengele kabisa cha majukumu ya kifamilia, kimewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Usiandike nasaidia nyumbani. Andika kwa mfano hivi, kwa Kiingereza chako: nalea wadogo 3 mama akiwa zamu ya usiku, napika, nasimamia homuwaki, nawapeleka shule. Nafasi nyingine uweke kutafsiri: hospitali, benki, shule, familia ngapi. Masaa ya kwa wiki wanayauliza pembeni, yahesabu kweli, usizidishe na usipunguze kwa unyenyekevu, unyenyekevu wa kwetu kwenye hizi fomu unatuumiza sana.

Na ile sehemu ya maelezo ya ziada itumie kwa mistari mitatu minne tu, kavu: nilifika mwaka fulani, lugha nilizokuwa nazo ni hizi, Kiingereza nimeanza lini, mwaka wa kwanza nilikuwa madarasa ya lugha. Bila kulia. Msomaji atajijumlishia mwenyewe akiiona 3.9.

Nilipokuwa naomba mimi, kutoka Tanga, hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na SAT mbovu, na chuo kimoja wapo kati ya nilivyoomba kilisema wazi kwamba sio lazima, mimi kwa kimbelembele cha uaminifu nikalipia dola zangu nikawatumia. Nilijua jibu kabla bahasha haijafunguliwa, ilikuwa nyembamba, ya kukataliwa.

Pesa usiziogope ukiona bei. Ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka kote kuwili, ndio, ila vyote viwili vinajaza pengo lote kati ya bei na kile familia yako inachoweza kutoa, na Bowdoin tangu 2008 hawaweki mkopo kwenye msaada wao. Kama wewe unayo kadi ya kijani, jaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, na ile ya CSS Profile, fomu ya msaada wa vyuo vyenyewe, ambayo kwa familia zenye kipato kidogo haina malipo. Muulize kaunsela pia juu ya QuestBridge, hiyo ni programu ya kusaidia kuingia chuo kwa watoto wa familia zenye hali ngumu wanaosoma hapa Marekani hata kama sio raia, kuomba ni bure, alama za SAT sio lazima, Bowdoin wamo, lakini dedilaini yake ni mwisho wa Septemba kwa hiyo kama barua hii inakufikia umechelewa siku mbili tatu usilie, endelea na njia ya kawaida.

Bowdoin wanachukua chini ya mmoja kati ya kumi, hilo lazima nikwambie, kwa hiyo orodha yako isiwe majina mawili. Ongeza Mount Holyoke, wasichana wetu wanakisahau, nao SAT ni hiari tangu 2001, ongeza na vile vya University of Maine ambavyo moyo wako utatulia.

Na Bates, ingia. Ziara za wanafunzi ni bure, jiandikishe onlaini, nenda na mdogo wako mmoja kama hakuna wa kumwachia. Umepita nje miaka yote hiyo, utawaandikiaje kwa nini unawataka na hujui maktaba yao inanukia nini?

Swali

Dadangu, salaam kutoka Likoni. KCSE, mtihani wa taifa wa form four, nina A-, SAT nimefanya mara mbili, 1180 kisha 1210. Nataka MIT nisome kompyuta, na Harvard. Mzee hana kitu cha kulipa hata kidogo. Nirudie mara ya tatu?

Kijana wa feri

Jibu

Kijana wa feri, mtihani mmoja kwenu ni zaidi ya dola 100, yaani shilingi elfu kumi na kitu, na ule msamaha wa ada wanaopewa watoto wa kipato kidogo walioko Marekani haukufikii huko. Ukipanda kutoka 1210 hadi 1300 bado MIT hujafika hata barazani, wale wanaoingia hesabu yao iko karibu na 800 kamili, na kwao alama ni lazima. Hela hiyo ihifadhi.

Ila SAT sio ukuta wako mkubwa, ukuta wako ni hilo neno la mzee hana kitu. Vyuo vingi Marekani vikiona mwanafunzi wa nje anahitaji msaada wa karibu kila kitu, vinaliweka hilo kwenye mizani vinapoamua, hata uwe na 1400. Vichache sana haviangalii mfuko wa mwanafunzi wa nje vinapomchagua: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na wengine wachache waliojiunga karibuni. Sasa pitisha chujio lako. Kati ya hao Bowdoin SAT ni hiari. Amherst nao wamekuwa wakiiacha hiari tangu korona, thibitisha mwaka wako. Dartmouth wanataka mtihani, lakini kwa anayetoka shule ya nje ya Marekani wanapokea matokeo ya mtihani wa taifa badala ya SAT, na hapo A- yako inakuwa na kazi ya kufanya badala ya kukaa kwenye fremu sebuleni. Unaona jinsi mlango ulivyohama? Ulikuwa unagonga MIT na 1210, kumbe karatasi yenye nguvu ni ile uliyopewa bure nyumbani.

Hata hivo ni bahati nasibu ya kushindana na dunia nzima, kwa hiyo uendelee na maombi ya vyuo vya Kenya kama kawaida, usikatae nafasi yako ya hapo ukisubiri barua kutoka ng'ambo. Na ofisi ya EducationUSA iko Nairobi, ushauri wao hauuzwi, waandikie kabla hujatoa senti kwa mtu yeyote.

Swali

Dada kuna jamaa kwenye WhatsApp anasema ana mtu ndani, kwa dola 500 anapandisha SAT hadi 1500, na esei anaandika yeye. Wengi kwenye grupu wameshalipa. Ni kweli?

Mdadisi

Jibu

Hakuna mtu ndani. Kuna mtu anayetaka pesa zako za kwenye simu. Na esei aliyokuandikia ameshawauzia wenzako kumi wa grupu hilo hilo, majina tu ndo yamebadilika, na zikitua meza moja zote zinatupwa pamoja. Toka kwenye grupu.

Swali

Mwanangu, mimi ni mzazi niko Columbus, Ohio. Kijana wangu ana SAT ya 990 na shule imemwambia asiitume. Mimi nimemlea asifiche jambo. Je, kunyamaza huku si uongo? Na chuo hakitakuja kugundua baadaye kimfukuze?

Baba Imani

Jibu

Shikamoo baba. Nimekuelewa, na sio swali la kijinga kabisa, mimi pia nililelewa hivo na ndo hivo hivo nilivyoponzwa. Uongo ungekuwa aseme hakufanya mtihani, au abadilishe 990 iwe 1290. Fomu haimuulizi umewahi kufanya SAT ndio au hapana kwa kiapo, inamuuliza unataka tuitazame alama yako au hutaki, naye anajibu sitaki. Ni kama mtu akikukaribisha nyumbani akasema ukipenda vua viatu, usipopenda ingia navyo, wewe ukaingia navyo, hujamdanganya mtu. Hakuna wa kumfukuza kwa hilo.

Mwambie tu aangalie kila chuo kimeandika nini, manake kuna vyuo vinaacha hiari kwenye kuingia lakini baadhi ya skolashipu zao bado zinaomba alama, na mtu asipouliza anakosa hela bila kujua.

Kisha kuna mtego mmoja mdogo ambao umenasa wengi. Baadhi ya shule za sekondari zinachapa alama za SAT moja kwa moja kwenye transikripti, ile karatasi ya matokeo ya shule inayotumwa chuoni, kijana anakaa anaamini hajatuma kumbe kaunsela ametuma kwa niaba yake, iko pale chini kabisa kwenye kona kwa maandishi madogo. Mwambie kijana aombe nakala ya transikripti yake wiki hii, mkae naye mezani muisome mpaka mstari wa mwisho, na mkiiona 990 aende kwa kaunsela aombe itolewe kabla faili halijaondoka.